Sakafu Aliyooshewa Baba

Wapo watu Malindi, wale wa mtaa wetu waliobaki, ambao mpaka leo wakiniona sokoni hunong'onezana kwamba huyu ndiye aliyevunja ufuo wa babake. Ni kweli, ndiye mimi. Niliuvunja kwa nyundo na tindo, mchana kweupe, na mamangu mjane akinishikia karai la kifusi. Sijatubu, wala sioni cha kutubia. Nimechoka tu kusikia kisa hiki kikisimuliwa na watu ambao hawakuwamo ndani ya nyumba, kwa hivyo nakiandika mimi niliyekuwamo.

Asiyejua ufuo nimweleze. Kwetu, maiti akioshwa ndani ya nyumba, huchimbwa handaki dogo chini ya kitanda cha kuoshea, maji yaingie humo yasije yakatapakaa na kukanyagwa. Zamani sakafu zilikuwa za udongo. Watu walichimba kwa jembe, wakafukia, na baada ya siku mbili hujui palichimbwa wapi. Yetu ilikuwa ya saruji. Baba aliimwaga mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwaka ule ule aliovuta maji ya bomba, na akaionea fahari kuliko alivyonionea mimi nilipofaulu mtihani wa ualimu. Aliwaita watu waje waikanyage. Bomba lenyewe alilipitisha chini ya sakafu, kutoka ukuta wa barabarani, chini ya chumba chao cha kulala, mpaka uani penye jiko na bafu. Hakutaka kuona chuma kikitambaa kwenye kuta zake nyeupe.

Alipofariki, miaka michache baadaye, wengine walisema aoshwe uani, pana nafasi na maji yatajiendea. Ami, yaani mdogo wake baba, akakataa katakata. Alisema nduguye hataoshwa nje kama samaki, ataoshwa chumbani mwake kama walivyooshwa wazee wao, saruji au si saruji. Akaleta mtaimbo wake kutoka nyumbani, akaivunja sakafu kwa mikono yake mwenyewe huku machozi yakimtiririka. Hilo la machozi nalisema kwa sababu ni haki yake. Baada ya maziko akarudi, akafukia, akapaka saruji juu, na mtaimbo akausahau umeegemea ukuta wa uani.

Mama akaingia edani. Miezi minne na siku kumi katika nyumba ya mumewe, bila wanja, bila udi, bila kuonana na mwanamume ambaye si maharimu wake. Hata ami hakumwona. Akija kumjulia hali, husimama ukumbini, mama akawa chumbani, na pazia katikati yao. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, nimerudi nyumbani na talaka yangu mkobani. Sikuwa na ndugu wa kiume wala wa kike. Kwa hivyo nyumba ile ilibaki na wanawake wawili, mmoja haruhusiwi kutoka na mwingine hakuna aliyemtaka.

Katika mwezi wa pili wa eda, sakafu ya ukumbini ikaanza kulowa. Kwanza doa la ukubwa wa sinia, karibu na mlango wa mbele. Nikalipangusa nikidhani nimemwaga maji. Kesho yake likawa la ukubwa wa mkeka, na ukuta wa pembeni ukaota unga mweupe wa chumvi. Nikiukwangua leo, kesho umerudi. Rangi ikaanza kubambuka. Nyumba ikanuka kama kisima.

Majirani waliotuletea chakula walilitazama lile doa, wakatazamana. Mmoja, mama mtu mzima niliyemheshimu tangu utoto, akanivuta kando.

"Mwanangu, hayo ni maji ya marehemu. Ufuo haukufukiwa vyema. Babako hajaridhika."

"Babangu aliridhika na chai ya strungi na redio yake," nikamwambia. "Atataka nini na ukumbi?"

Akaniambia nina ulimi, ndiyo maana sikukaa kwa mume. Maneno yale yalinichoma, nikageuka asione.

Jumatatu moja ami akaja. Alisimama mbele ya pazia, akakohoa, akamsalimu mama, kisha akayatoa aliyokuja nayo.

"Shemeji, nyumba hii yaoza. Kuta zikiwaangukia, nitaulizwa mimi. Dharura yaruhusu mwenye eda kuhama, nishauliza. Ijumaa baada ya sala nitaleta mkokoteni wa vyombo, uje kwangu umalizie eda yako kwa salama."

"Na nyumba?" mama akauliza nyuma ya pazia.

"Nyumba tutaifunga."

"Ufunguo atakuwa nao nani?"

Ami akacheka kidogo. "Sisi ni watu wamoja, shemeji. Ufunguo ni ufunguo tu."

Ami alikuwa na fungu lake katika urithi, sheria iko wazi na hatukulikataa. Lakini fungu si nyumba nzima. Nilikuwa nimemwona mara mbili akimzungusha mgeni mmoja nje ya nyumba yetu, akimwonyesha paa kwa kidole. Nilijua, na mama alijua, kwamba akishaufunga mlango ule, mama hataufungua tena. Eda itakwisha yeye akiwa mgeni katika chumba cha watu, na nyumba itakuwa imeshauzwa.

"Ami, tuite fundi kwanza," nikasema.

Alinigeukia kana kwamba kiti kimesema. "Fundi nitamleta mimi, wakati wake. Na nisisikie mwanamume ameingia humu na shemeji yuko edani! Mji mzima utajua. Wewe uliyeshindwa na nyumba yako, waachie wenye nyumba zao."

Akaondoka. Nilibaki nimesimama juu ya lile doa, miguu imelowa. Alikuwa ametufunga pande zote. Tusipotengeneza, nyumba inaanguka na tunahama. Tukimwingiza fundi, mama amevunja eda na tunahama kwa aibu.

Mama akaniita. Alikuwa kwenye mkeka wake, anasuka ukili, vidole haviachi.

"Mwanamume haingii humu," akasema. "Nimekaa siku sitini na tano kwa heshima ya mume wangu, siziharibu kwa ajili ya bomba. Wala sitoki. Mimi nitatoka humu kwa jeneza."

"Sasa tutafanyaje, mama?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu msiba kama alivyokuwa akinitazama zamani, nikifanya uvivu.

"Wewe si mwanamume," akasema. "Mikono unayo. Wangoja nini?"

Nilimjua fundi mmoja wa bomba, mtu wa Ganze, aliyekuwa akifanya kazi kwenye hoteli za Watamu na aliwahi kututengenezea tangi la shule. Jumanne asubuhi nikamfuata. Alikuwa mzee kidogo kuliko babangu. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote pale pale, mpaka la eda na la ami. Sikuficha, maana ningeficha angesema anaingia dakika mbili tu anatoka. Alinisikiliza akikuna kidevu, kisha akafunga sanduku lake la vifaa nyuma ya baiskeli.

Hakuanza na nyumba. Alichuchumaa barabarani penye mita, akaniagiza nifunge mifereji yote, ya jikoni, ya bafuni, ya uani, yote. Nikafunga, nikarudi. Mshale wa mita ulikuwa ukizunguka polepole, bila aibu.

"Waona?" akasema. "Hakuna anayeteka maji na mita yatembea. Bomba limetoboka mumo humo ndani." Kisha akaangua kicheko. "Kwetu Ganze mke wangu hutoka alfajiri na mtungi akarudi jua la utosi. Nyinyi huku mwayalalia!"

Tukapatana hivi. Yeye atakaa katika kichochoro, chini ya dirisha la chumba cha mama. Mama atatundika kanga dirishani. Fundi atanipa vifaa na maneno kwa upenyo wa chini, na mimi nitafanya kazi.

"Utakuwa mikono yangu," akaniambia. "Lakini mikono yangu hunisikiliza. Wewe ni mwalimu, na mimi, mino huyu, nawajua walimu."

Alinijua kweli. Jumatano nilianza kwa kumbishia. Alisema tutafute kwanza bomba linapita wapi. Mimi nikasema doa liko pale mlangoni, macho ninayo, nitavunja pale. Akanipa nyundo na tindo, akaniacha nivunje, nadhani kwa makusudi.

Kuvunja sakafu ya saruji si kazi ya hasira, ingawa nilidhani ndiyo. Ukipiga kwa nguvu, tindo linaruka na mkono unakufa ganzi. Fundi aliusikia mlio tu, akawa ananikosoa akiwa nje: usipige katikati, anza pembeni, lilaze tindo, usiliue. Kufika adhuhuri viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, na nimetoboa shimo la kuingia sufuria. Chini yake palikuwa na mawe ya matumbawe, mchanga, na maji safi yakijaa taratibu. Bomba halikuwapo.

"Hakuna bomba!" nikapiga kelele.

"Najua hakuna," akajibu. "Maji hufuata mteremko. Yavuja kwengine, yatokea hapo. Yaonje."

"Niyaonje?"

"Yaonje, mwalimu."

Nikachovya kidole, nikaonja. Yalikuwa matamu. Kila mtu Malindi anajua maji ya ardhini mtaani kwetu yalivyo ya chumvichumvi, hayafai hata kupikia maharagwe. Haya yalikuwa ya bomba, na hakika hayakuwa ya marehemu yeyote.

"Yaja kutoka upande gani?"

Nikaweka kiganja ndani ya shimo. Upande mmoja niliuhisi mkondo, mwembamba na wa baridi. Ulitoka upande wa chumba cha mama.

Nilikaa chini karibu na shimo langu la bure. Jumatano ilikuwa inakwisha, na nyumba tuliyosema tunaiokoa sasa ilikuwa na tundu mlangoni. Nilimwona ami akilikanyaga Ijumaa na kutikisa kichwa. Niliogopa sana jioni ile, nisidanganye.

Alhamisi asubuhi, maji yalipokuwa na nguvu, fundi akapenyeza nondo fupi chini ya kanga. Aliniambia niisimamishe sakafuni, ncha ya juu niiegemeze mfupa ulio nyuma ya sikio, niende nayo hatua kwa hatua. Nikazunguka chumba kizima nimeinama. Sikusikia kitu ila damu yangu mwenyewe.

"Nipe mimi," mama akasema.

Aliinuka kwenye mkeka, akaichukua ile nondo, wala hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kitandani, akapiga magoti, akaisukuma nondo chini ya kitanda, akaegemeza kichwa.

"Ni hapa."

Ilikuwa juu ya kiraka cha ufuo.

"Umejuaje?"

Aliketi pale pale sakafuni na nondo mapajani. "Naisikia sauti hii tangu wiki ya tatu," akasema. "Kama mtu anayenong'ona. Nilidhani ni yeye. Kila nikilala naisikia, na nilikuwa namjibu. Sikukwambia, ungesema nimerukwa na akili."

Nililia, na yeye akalia, na fundi huko nje, kwa adabu, akajifanya anapanga spana zake. Nilielewa ninachoombwa. Nikiziba tobo lile, ninamnyamazisha mtu wa mwisho aliyekuwa akizungumza na mamangu.

Tukakisogeza kitanda. Nilipoliweka tindo kwenye kiraka, nikasikia sauti mlangoni. Ni wawili wa wale majirani, na sufuria yao ya wali, yule mama mtu mzima mbele.

"Usithubutu! Hapo ndipo yalipomwagika maji ya babako! Utafukua ufuo wa maiti? Wewe una wazimu?"

Mkono ukanishuka. Nikiri kwamba ulishuka. Nimelelewa katika mambo hayo kama mtu mwingine yeyote wa mtaa ule, na kusoma ualimu hakukunitoa hofu yote.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, karai mkononi.

"Mume wangu alikuwa mtu safi," akawaambia. "Maji yaliyomwosha hayana cha kuonewa haya." Kisha akaniambia mimi neno moja. "Vunja."

Nikavunja. Saruji ya ami ilikuwa mchanga mtupu, ilipasuka kama mkate mkavu. Majirani walisimama mlangoni wakilia na kunilaani, wala hawakuondoka, maana nani angeondoka? Chini ya kiraka nikatoa mawe kwa mikono, mama akabeba makarai akayamwaga uani. Kwenye kina cha mkono mmoja, kidole changu kikagusa chuma. Maji yalikuwa yakiruka kutoka ubavuni mwa bomba, uzi mwembamba uliopiga jiwe na kutoa ile sauti. Mama aliinama akausikiliza kwa mara ya mwisho, kisha akasema nenda kafunge mita.

Nilipofunga, chumba kikawa kimya kabisa.

"Pitisha kidole," fundi akaniagiza. "Kutu hula chuma kikawa chembamba kama karatasi. Hapo ni pembamba?"

"Si pembamba. Pamebonyea. Kuna tobo kama punje ya mpunga, na pembeni pamebonyea."

"Basi bomba hilo halikuliwa. Limepigwa. Lilipata ufa mdogo, na ufa umekua."

Mama akasema taratibu, "Siku ile ya msiba nilisikia chuma kikilia. Nikadhani ni kitanda."

Nikaenda uani. Mtaimbo wa ami ulikuwa bado umeegemea ukuta, na ncha yake ilikuwa imemeguka pembe moja. Nikauleta, nikaushusha polepole juu ya bomba. Ncha iliingia katika ule mbonyeo, pembe iliyomeguka ikakaa mahali pake, kama mguu unavyoingia katika kiatu chake.

Nilicheka, kisha hasira ikanipanda mpaka meno yakaniuma. Sikusema alikusudia, na sisemi hata leo. Mtu anayemchimbia nduguye ufuo huku analia hatafuti bomba. Lakini alisikia chuma kikilia mkononi mwake, haiwezekani asisikie, na akafukia. Miezi miwili baadaye akaja kutuambia nyumba inaoza, na kwamba atatulinda kwa kutufungia nje.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndefu kuliko ninavyoweza kuisimulia. Ilinibidi nivunje zaidi, urefu wa mkeka wa kusalia, mpaka nikaviona viungo viwili vya bomba, huku na huku. Nikakikata kipande cha katikati kwa msumeno wa chuma, nikavifungua vipande viwili kwa spana niliyoikalia kwa uzito wangu wote. Fundi alitaka vipimo. Futi ya kupimia ilikuwa fupi na mimi nilikuwa nimechoka, nikawa nakosea. Mama akachukua ukili aliokuwa akisuka, akaunyoosha kutoka kiungo mpaka kiungo, akafunga fundo kila mwisho, akaupitisha chini ya kanga. Fundi alikata bomba jipya kwa kipimo cha ukili ule, akachonga hesi, yaani meno ya kufungia, kwenye ncha zake huko kichochoroni, akanirudishia vipande viwili na yunioni ya kuvishikisha katikati. Akanifundisha kuzungusha katani kwenye hesi, kwa kufuata mzunguko wa kukaza wala si wa kulegeza. Mara ya kwanza nilikosea na ikavuja. Mara ya pili ikavuja kidogo. Mara ya tatu mama alinishikia kiungo cha pili kisizunguke, mishipa imemtoka shingoni, na tukakaza pamoja.

"Fungua mita," fundi akasema.

Nikafungua. Mama akapitisha leso kavu kwenye viungo vyote, akainua akaitazama. Ilikuwa kavu. Fundi akatoka kichochoroni akaenda barabarani, akachuchumaa penye mita muda wa kumaliza sigara. Mshale haukutikisika.

"Mwalimu!" akaniita mbele ya watu wote wa mtaa. "Mita imelala!"

Tukafukia, nikachanganya saruji kwa namna aliyonielekeza, si mchanga mtupu, na nikapaka mashimo yote mawili. Siku ile nililala mapema na viganja vimefungwa vitambaa, nisisikie hata adhana ya alfajiri.

Ijumaa baada ya sala ami akaja na mkokoteni, na mtu wa kuusukuma. Akaingia ukumbini, akaona saruji mbichi mlangoni, akasimama.

"Mmefanya nini?"

"Tumeziba," nikasema.

"Ni nani aliyeingia humu?" Sauti ilimpanda, nadhani akaona amepata alilokuwa akilitafuta. "Shemeji, ni mwanamume gani aliyeingia na wewe uko edani?"

"Hakuingia mtu," mama akajibu nyuma ya pazia. "Waulize majirani. Walisimama mlangoni mchana kutwa wakitulaani. Wanajua kila aliyekuwamo."

Yule mama mtu mzima alikuwa kibarazani, amekuja kutazama tunavyohamishwa. Ami akamgeukia. Namshukuru mpaka leo, ingawa hakuacha kunisema. Alisema, kwa uchungu wa mtu aliyelazimika kusema kweli, kwamba hakuingia mwanamume, ni hawa wawili tu, tena kwa mikono yao.

Ndipo pazia likatikisika chini. Mama alikuwa amekisukuma kwa mguu kile kipande cha bomba la zamani. Kikabiringika sakafuni, kikasimama mbele ya viatu vya ami. Mimi nikaleta mtaimbo, nikauweka kando yake, ncha kwenye mbonyeo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, na nikayaacha.

Ami alikitazama kile kipande, kisha mtaimbo wake.

"Vyuma vya siku hizi havina nguvu," akasema mwishowe.

"Mita imelala, shemeji," mama akamwambia. "Nenda ukaitazame ukitaka. Na uchukue mtaimbo wako, umetukalia hapa siku nyingi."

Akauchukua. Msukuma mkokoteni akauliza mzigo uko wapi, na ami, kwa kukosa la kufanya, akautupa mtaimbo juu yake. Mkokoteni mzima ukarudi mtaani na chuma kimoja, kikigongagonga mbao kila penye jiwe. Nilisimama mlangoni nikausikiliza mpaka ulipopinda kona. Nilifurahi, wala siombi msamaha kwa furaha ile.

Mama alimaliza eda yake juu ya sakafu kavu. Mbele ya kadhi, ami alichukua fungu lake katika minazi ya baba, na nyumba ikabaki mikononi mwetu. Hakutaja bomba siku ile wala siku nyingine. Alikuja sikukuu, akala, akasifu biriani, akaondoka. Nilingoja aseme. Nilingoja miaka, na kila mwaka nikajiambia singoji tena.

Mama alitoka katika nyumba ile kama alivyosema, kwa jeneza. Aliacha wasia aoshwe chumbani, mahali pale pale pa mumewe. Asubuhi ile wakaja vijana wa ukoo na mtaimbo, ule ule, ncha imemeguka pembe. Ami alikuwa mzee sana, anatembea kwa fimbo. Walimpa kiti ukumbini. Kijana mmoja alipouinua mtaimbo, ami akamzuia kwa fimbo, akanigeukia mimi mbele yao wote.

"Mwanangu," akasema, "bomba lapita wapi?"

Nikamwacha angoje kidogo. Kisha nikachukua chaki yangu ya shule, nikapiga magoti, nikalichora bomba sakafuni kutoka ukuta mpaka ukuta, na nikasimama kando ya mstari mpaka walipomaliza kuchimba.